Ugonjwa wa Wajomba

Ukitaka kumuudhi Fundi Sweta, msifie sweta la dukani. Atakutazama juu ya miwani, atakuuliza limedumu wiki ngapi kabla ya kulegea mikono, wala hatangoja jibu. Ana miaka hamsini na minane, na mingi kati ya hiyo ameimaliza mbele ya mashine moja ya kufumia, katika chumba cha mbele chenye dirisha lililopasuka pembeni na kuzibwa kwa karatasi ya gundi. Mpini wa mashine anausukuma kushoto, anaurudisha kulia, kutwa nzima, na jirani wa ukuta wa pili huapa kwamba mlio ule ukinyamaza ndipo yeye anaposhtuka usingizini. Ukutani zimetundikwa rangi za shule zote: bluu ya mistari miwili, kijani kibichi, na ile nyekundu iliyoiva inayochuja ikifuliwa kwa maji ya moto. Vifua vya watoto wa mtaa mzima anavijua kwa inchi. Wa kwake hana.

Kuhusu hilo watu wamesema mengi, na mengi ni upuuzi mtupu. Eti alikuwa mkali mno. Eti alikataliwa. Tusidanganyane: hakukataliwa. Alikataa yeye, tena alimkataa mtu aliyempenda, na sababu yake ni hii.

Mama yake alikuwa na kaka watatu, na hakuna hata mmoja aliyefika umri wa kunyoa ndevu. Wa kwanza aling'oka jino la utoto, akavuja damu siku nne. Wa pili alianguka kutoka kitandani, kitanda chenyewe kimo cha goti, akavimba tumbo. Wa tatu alifika miaka kumi na sita, wakaanza kudhani huyu ameponyoka, mpaka alipopigwa teke la paja mpirani. Na nyuma ya hao, bibi naye alikuwa na kaka zake waliokwenda vivyo hivyo. Ndiyo maana nyumbani kwao waliuita ugonjwa wa wajomba. Unashika wavulana, unaletwa na mama. Mwanamke anaubeba bila kuumwa, halafu anamzaa wa kuumwa. Hayo hakuna daktari aliyewafundisha. Waliyajua kwa kuzika.

Kisha akazaliwa mdogo wake Fundi, wa kiume, na alipoanza kutambaa magoti yakavimba. Mama akajua. Lakini huyu alizaliwa zama nyingine. Hospitali kubwa ilikuwa na dawa ya kugandisha damu, mwanzoni ya kutundikwa kwenye chupa, baadaye ikawa unga wa kuchanganywa na maji na kudungwa mshipani. Akalelewa kama yai. Pembe za meza zikavishwa matambara, visu vikapandishwa juu ya kabati, na dada mtu, aliyemzidi miaka minne, akapewa kazi ya kumshika mkono kila aendako na kumshika miguu kila akidungwa. Mtaa ukamwita Yai, na Yai amebaki hadi leo, ijapokuwa sasa ni mzee wa kipara anayechora vibao vya maduka akiwa amekaa, maana magoti yake hayakunjiki vizuri. Umri wa wajomba zake wote watatu ukiujumlisha, haumfikii.

Fundi alipokuwa na miaka ishirini na mmoja, akatokea Mikate. Alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli yenye sanduku la bati, na kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa, mkate wa nyumbani kwa kina Fundi ulikuwa wa moto kuliko wa wengine. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliagiza sweta, akalilipia, na siku ya kulichukua akaligeuzageuza, akasema, "Zuri. Ila limepungukiwa na kitu."

"Kitu gani?" Fundi akauliza, tayari kwa ugomvi.

"Aliyelifuma."

Utani wa kizamani kabisa, na bado Fundi aliucheka wiki nzima.

Mama hakuucheka. Alimwita jikoni, akamkalisha kwenye kigoda, akasema taratibu, "Mwanangu, wewe ni mlango. Kaka zangu walipitia kwa mama yangu. Mdogo wako kapitia kwangu. Mimi sikuwa nimeelewa bado kwamba mlango unaweza kufungwa. Wewe unaelewa."

"Na Yai, Mama? Naye akitaka kuoa?"

"Yai aoe. Mwanamume haupitishi. Umewahi kusikia baba aliyempa mwanawe? Katika ukoo mzima, nitajie mmoja."

Hakuweza kumtaja. Hakuwapo. Lishike neno hilo, maana ndilo lililowaangusha wote.

Fundi alimweleza Mikate kila kitu, hakumficha hata tone. Mikate alisikiliza akiwa amekalia sanduku lake, akasema, "Tukimpata mgonjwa, tutamlea. Mbona Yai analelewa?" Lakini Fundi alikuwa ameishika miguu ya Yai tangu ana miaka saba, kilio kile alikijua, na akasema hapana. Mikate akarudi mara tatu. Mara ya nne hakurudi. Alioa mwanamke mwingine, mwema tu, wakapata watoto watano, wanne wavulana, na shule zilipofunguliwa mama yao akawaleta kupimwa masweta. Fundi aliwapima mmoja mmoja. Wote walikuwa na makovu ya magotini, yamekauka vizuri kabisa.

Sasa usidhani alikaa analia miaka yote hiyo. La. Alikuwa na cha kujishikiza. Mama yake alipokuwa anakata roho alimwambia, "Wewe ndiye uliyetuokoa. Kwako umeishia." Neno hilo lilikuwa chakula chake. Wanawake wakigombana naye foleni ya maji, na mmoja akimrushia lile jiwe la siku zote, kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, yeye alibeba ndoo yake akaenda zake, akijisemea kimoyomoyo kwamba angalau yeye anajua ni kilio gani hakukileta duniani.

Yai akaoa, kwa baraka zote za Mama. Akapata binti mmoja tu. Mkewe alikuwa akishinda kazini, hivyo mtoto alikulia chini ya mashine ya shangazi yake, akikunja uzi, akilala kwenye kapu la masweta yaliyokosewa. Fundi alimpenda kupita kiasi, na hakuona haya kusema hivyo. Binti akakua, akaolewa, akajifungua mtoto wa kiume, mnene, mcheshi, mwenye kelele.

Mtoto alipofikisha miezi minane akaanza kutambaa.

Yule binti alikuja asubuhi moja, Yai mwenyewe akiwa hapo barazani anamalizia kibao cha duka la dawa. Hata salamu hakutoa. Akamlaza mtoto juu ya meza ya kukatia, akamvua suruali. Kwenye paja palikuwa na mabaka ya rangi ya zambarau, na goti la kulia lilikuwa limejaa, linang'aa.

"Majirani wanasema baba yake anampiga," akasema. "Wallahi Shangazi, hakuna aliyemgusa."

Fundi akavua miwani. Goti lile alilijua kuliko lake mwenyewe.

"Haiwezekani," akasema. Akageukia barazani. "Yai, njoo uone. Mwambie mwanao haiwezekani."

Yai hakunyanyua uso. Brashi ilikuwa imesimama katikati ya herufi, na rangi inachuruzika kwenye kibao.

Kwenye kliniki ya damu daktari aliwakalisha wote, akachukua karatasi na penseli. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, na pembeni yake kijana wa kiume aliyekuwa bado anasomea udaktari. Akachora ukoo wao: miraba ni wanaume, maduara ni wanawake, na mgonjwa anapakwa weusi. Wajomba watatu, miraba mitatu myeusi. Yai, mraba mweusi. Mtoto, mraba mweusi. Duara la Fundi akaliwekea alama ya kuuliza, kwa kuwa hakuwahi kupimwa. Kipimo kilipokuja alishapita umri, na alijiambia, nipimwe cha nini na mlango nimeshaufunga?

"Mwanamume mgonjwa hampi mwanawe wa kiume," daktari akasema. "Hapo mama yenu hakukosea. Lakini binti zake anawapa wote. Haponyoki hata mmoja. Nao ndio wanaowazaa wagonjwa."

"Mbona kwetu haijawahi kutokea?" Fundi akauliza. "Hata mara moja?"

Daktari akaweka ncha ya penseli kwenye ile miraba mitatu. "Hawa walizaa lini, mama?"

Fundi akainama akatazama. Chini ya miraba ile hapakuwa na mstari wowote.

"Hakuna aliyeishi mpaka akawa baba," daktari akasema. "Mdogo wako ndiye wa kwanza. Kanuni ya mama yenu ilikuwa ya kweli kwa vizazi vyote ambavyo wagonjwa walikufa wadogo. Tulipowapa dawa wakaishi, ikaacha kuwa kweli, na hakuna aliyewaambia."

Yule kijana akasema, bila ubaya, kama anayekariri somo, "Zamani maumbile yalikuwa yanachuja yenyewe. Sisi tumeondoa chujio."

Fundi akamgeukia. "Mwanangu, hiyo miwani yako ni nene sana."

"Ndiyo, mama."

"Zamani ungeliwa na chui."

Daktari akacheka, hata Yai akacheka, na kijana akaivua miwani akaifuta kwa koti lake. Lakini lile neno lilikuwa limeshaingia, na maneno ya namna hiyo hayatoki kwa kicheko. Njia nzima ya kurudi Fundi aliwaza: ile chupa isingekuwapo hospitali, Yai angezikwa na miaka mitatu. Asingekuwapo binti. Lisingekuwapo goti hili. Na mimi huenda... Akakata wazo hapo hapo. Aliona aibu kana kwamba amemnyang'anya mdogo wake sindano mkononi.

Yai alikuwa anaburura mguu nyuma yake. Walipofika kwenye benchi la nje ya duka la nyuzi, akaomba wakae.

"Dada, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba binti anao. Tangu akiwa darasa la pili. Daktari aliyekuwapo wakati ule aliniambia, akasema akikua nimlete waongee naye."

Fundi akahesabu kwa vidole. "Ukanyamaza miaka ishirini."

"Ningeanzia wapi? Ningesema Mama alikosea, mimi ndiye mlango mkubwa kuliko wewe, na mimi nimeoa. Ungeniuliza, basi mimi dada yako nimekaa bila mume kwa nini. Ningekujibu nini, Dada?" Alikuwa analia, mzee wa kipara barabarani, na rangi nyeupe imemkaukia kwenye kucha. "Nikajiambia, angalau yeye wa kwake aliufunga. Hakukaa bure. Hilo tu ndilo lilinipa usingizi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Yai hakungoja kifo. Ameumbuliwa na goti la mjukuu wake.

Fundi hakumsemesha wiki mbili. Lakini siku za sindano alikwenda kama kawaida, akamshikilia mkono na kumfunga mpira juu ya kiwiko mpaka mshipa ukajitokeza, kisha akaondoka bila kuaga. Hasira ni hasira, na mdogo wako ni mdogo wako.

Kilichomvusha siku zile ni yale maneno ya Yai. Angalau wa kwake aliufunga. Mama alikosea nusu, si yote. Daktari alipompigia simu kwamba angependa ampime ili akamilishe mchoro wa ukoo, Fundi alikubali papo hapo. Alikwenda na gauni lake la heshima. Alitaka jambo moja tu katika dunia hii, karatasi yenye muhuri inayosema kwamba na yeye ni mlango, kwamba alimkataa Mikate kwa sababu ya kweli.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu.

"Habari njema, mama," daktari akasema, uso umemchangamka. "Hubebi chochote. Mama yenu alikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kukupa, na hakukupa. Uko safi kabisa, umekuwa safi tangu kuzaliwa."

Akachukua ule mchoro, akafuta alama ya kuuliza kwa kifutio, akapuliza vumbi lake. Duara la Fundi likabaki jeupe. Chini yake hapakuwa na mstari, kama ilivyokuwa chini ya wajomba.

Fundi alilia mpaka mabega yakatikisika. Daktari alidhani ni furaha, akampa karatasi laini ya kufutia machozi, akamshika bega.

Karatasi ya majibu aliificha kwenye mtoto wa meza, chini ya sindano za akiba. Alikuwa ameamua iozee humo. Yai asijue, binti asijue. Angewaachia hilo walilokuwa wanajishikiza nalo wote.

Lakini yule binti akaja, mtoto mgongoni, goti la mtoto limefungwa bandeji na limepungua sasa baada ya sindano tatu. Akakaa kwenye kile kigoda chake cha utotoni.

"Shangazi, nimemwambia mume wangu sizai tena. Nimeamua kufuata njia yako. Wewe ulikuwa jasiri. Kama ningejua mapema, hata huyu nisingemleta aje ateseke."

Mtoto alikuwa anautafuna utepe wa kupimia, anacheka na mapengo yake. Fundi alimtazama, akamtazama mama yake, yule aliyelala kwenye kapu la masweta. Akavuta mtoto wa meza, akatoa ile karatasi ya majibu.

"Soma."

Binti alisoma mara mbili. Akanyanyua uso. "Shangazi."

"Miaka thelathini na saba nimelinda mlango," Fundi akasema. "Kumbe ulikuwa ukuta. Nimekaa nje ya ukuta nikiwafukuza watu."

"Kwa hiyo nizae? Niambie."

"Sijui, mwanangu. Wewe mlango unao kweli, na daktari atakueleza nafasi zake, nusu na robo. Msikilize yeye. Mimi sina la kukufundisha. Ila usiache kuzaa kwa sababu mimi niliacha. Ujasiri wangu huo hapo kwenye karatasi, umeuona." Akamchukua mtoto, akamweka mapajani, akamtoa utepe kinywani. "Na huyu usimwambie hata siku moja kwamba asingeletwa. Wala usilifikirie. Mimi nililifikiria kuhusu babu yake, nikajiona mchawi. Nisingekuwa na Yai, nisingekuwa na wewe, ningekuwa na nani?"

Wakalia pamoja, na mtoto, aliyekuwa hajui kitu, akalia kwa kuwa wao wanalia.

Hadithi ingeweza kuishia hapo na ningekuwa nimewatendea wema. Lakini shule zilifunguliwa, na watu wakaja kupima.

Mikate alikuja akiwa na mjukuu wake wa kike, anayeanza darasa la kwanza. Alikuwa ameota mvi mpaka kwenye nyusi, na mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, ndiyo maana kazi ya masweta imemwangukia yeye. Akakaa kwenye kigoda, akaweka kofia gotini.

"Bluu ya mistari miwili," akasema.

"Najua shule yenyewe." Fundi akampitishia mtoto utepe kifuani.

Mikate akatazama mashine, akatazama ukuta wa rangi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, jinsi mtu anavyoulizia maiti, "Fundi, ule ugonjwa wenu. Mliumaliza?"

Utepe ukasimama mkononi. Ile karatasi ilikuwa hapo hapo, kwenye mtoto wa meza, umbali wa mkono. Neno moja lingetosha, na yule mzee angejua kwamba walikuwa na haki ya kila kitu walichokosa, watoto na wajukuu na nyumba, na kwamba hakuna kilichowazuia ila maneno ya jikoni.

"Uliisha," Fundi akasema. "Uliishia kwangu."

Mikate akaitikia kwa kichwa, polepole. "Basi ulifanya vyema. Sikufichi, nilikuwa na kinyongo nawe. Miaka mingi, hata nilipokuwa na watoto. Nilisema huyu amenikataa kwa jambo ambalo hata hajalijua kwa hakika." Akavaa kofia yake. "Sasa naona ulikuwa na haki. Nashukuru umeniambia."

"Bibi," yule mtoto akasema, "mbona umeshanipima?"

Kweli, utepe ulikuwa umezunguka kifua chake mara ya tatu. Fundi akauondoa, akaandika ishirini na tatu kwenye kipande cha kadibodi, akawaambia warudi Ijumaa. Aliwatazama kupitia dirisha mpaka walipokata kona, babu na mjukuu wameshikana mikono, hakuna mwenye haraka.

Mchana ule mashine haikulia tena. Jirani wa ukuta wa pili akashtuka usingizini, akaja kugonga dirisha kuuliza kulikoni, na Fundi akamjibu kwamba uzi umekatika.